Kokoto Iliyobaki Mkononi

Mama yangu hamwamini mtu. Ukimwambia chai ina sukari, ataionja kwanza kwa ncha ya ulimi huku akikukazia macho. Fundi akimjengea ukuta, anaupitia kwa nyundo, jiwe kwa jiwe, na fundi wa watu jasho linamtoka. Zamani nilikuwa nikimcheka.

Alikulia hapa hapa kisiwani, enzi ambazo karibu kila baba alikuwa machimboni. Babu, baba yake, ndiye aliyelipua miamba. Kila asubuhi alimwambia mama ametega baruti kwenye mashimo mangapi, na mama na wenzake wakaokota kokoto idadi hiyo hiyo. Filimbi ikilia walijibanza nyuma ya ukuta. Mlipuko mmoja, tupa kokoto moja. Ukibaki na kokoto mkononi, umeshindwa, na utazomewa mpaka ukome.

Siku moja mama alibaki na kokoto. Wenzake wote walikuwa mikono mitupu.

"Umeongeza, mwongo wewe!"

Mama hakuyumba. Alihisi wao ndio waliotupa mbili kwa kuogopa kuzomewa. Akakimbilia kibandani, ambako babu alikuwa amevua mabuti akingoja vumbi litulie ashuke kukagua.

"Baba, moja haijalia."

"Mbili zimelia pamoja, mwanangu. Hutokea. Nenda kacheze."

Hutokea kweli, lakini mama hakuridhika hata kidogo. Babu alipogeuka kunywa maji, mama alichukua buti moja akalitumbukiza kwenye pipa nyuma ya kibanda. Babu akalitafuta chini ya benchi, nyuma ya mlango, huku akilaani mbwa wa jirani. Mdogo wake babu, aliyefanya naye kazi, alicheka hadi akashika mbavu.

"Kaa, kaka, upumzike. Nashuka mimi, yangu ninayo miguuni."

Mama alimwona akitoka. Akisema neno, buti lingejulikana liliko, na babu angelivaa na kushuka mwenyewe. Akanyamaza.

Mlipuko ulitikisa kibanda kizima.

Siku ya mazishi ya huyo baba yake mdogo, mjane alimvuta mama pembeni, taratibu, bila hasira.

"Wewe ulijua moja haijalia, mwanangu. Mbona hukumshika mguu mume wangu?"

Mama alitazama chini.

"Nilimfikiria baba tu," akasema.