Chukua na Vyura Wake

Watu wengi wa upande ule wa Mlalo walimchukia Rahabu kabla hajawakosea. Akikuuzia kabichi gulioni, hapunguzi hata ukimwaga machozi. Akinunua mbegu kwako, unaondoka umeshika kichwa, hujui kama umeuza au umelogwa. Mumewe Tobia alipokuwa hai watu walivumilia, maana Tobia alikuwa mpole na kila mtu alimhurumia. Tobia alipofariki, uvumilivu ukazikwa naye.

Matanga yalikuwa bado ya moto Fanueli, mdogo wa marehemu, alipokuja kukaa kwenye kigoda cha kaka yake bila kukaribishwa.

"Shemeji," akasema, "lile shamba la mteremkoni na hawa watoto wanahitaji mwanamume wa kuwatunza."

"Wa kututunza ni nani?"

"Si mimi hapa?"

Rahabu akacheka kwa sauti mpaka kuku wakakimbia. "Wewe? Mkeo jana amekuja kuniomba chumvi. Kamtunze huyo kwanza, ukimaliza uje tuzungumze."

Kuanzia siku ile ikawa vita.

Fanueli ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfereji. Kule milimani mwenye mfereji ndiye mwenye mlima: maji yanatoka juu msituni, yanashuka shamba kwa shamba, na msimamizi anasema leo ni zamu ya nani. Zamu ya Rahabu ikaanza kuruka. Mara mfereji umebomoka, mara mvua haikutosha, mara amesahau. Maharage yakaanza kukunja majani. Na mwaka wenyewe ulikuwa ule wa kampeni ya kilimo cha kufa na kupona. Serikali ya kijiji ilikwisha kutangaza kwamba mwenye shamba lililokauka atanyang'anywa apewe mwenye nguvu. Mtoto mdogo angeweza kuona Fanueli anaelekea wapi. Anakausha shamba, kisha anakwenda kulililia kwenye mkutano.

Rahabu akabeba jembe, akapanda mpaka kwenye kizuio, akang'oa mawe. Fanueli akamkuta hapo. Maneno yakapita, kisha mikono, na mwisho mpini wa jembe ukampata Fanueli kwenye muundi, damu ikadondoka mferejini.

Hapo ndipo Rahabu alipoharibu, na alijua. Desturi ya pale ilikuwa ya zamani kuliko kanisa: anayemwaga damu mferejini, maji yanafungwa kwake mpaka alipe mbuzi, na wazee wanywe dengelua, ile pombe ya miwa, wamsamehe. Rahabu akakataa kulipa.

"Nimlipe mwizi kwa kuwa nimemkamata?"

Basi maji yakafungwa kihalali. Sasa hata waliokuwa upande wake wakanyamaza. Wanawake wa mtoni wakimwona wanaambiana, "Sogeeni, jembe la damu linapita." Wengine wakasema wazi: arudi kwao Bumbuli, awaachie watu ukoo wao. Watoto wanne, chungu kitupu, shamba linageuka vumbi, na mlango wa kila nyumba umempa kisogo.

Kitu kimoja tu hakukiacha: kisomo cha watu wazima, kila alasiri, chini ya banda la shule. Hakwenda kwa kupenda elimu. Alikwenda kwa sababu gulioni walikuwa wakimwandikia magunia vibaya. Mwalimu wake alikuwa Zuhura, mwanamke wa Tanga mjini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi na sweta mbili mwilini.

"Mama Yudith, herufi unazijua," Zuhura akamwambia siku moja. "Sasa usome nyumbani. Una kitabu gani?"

"Biblia ya marehemu tu. Kazi yake ilikuwa kushikwa Jumapili."

"Soma hiyo hiyo. Anza mwanzo, usiruke."

"Wewe Mwislamu unanituma kwenye Biblia?"

"Nakutuma kusoma. Ukimkuta Ibrahimu nisalimie, tunafahamiana."

Rahabu akaanza mwanzo, silabi kwa silabi, kidole kikitambaa kama konokono, akibishana na kila mtu aliyemkuta humo. Adamu alimwona mwoga. Lutu alimwona mjinga wa kuchagua ardhi kwa macho. Sara alimwelewa. Na katika wiki ile ile maharage yalipokufa, akafika kwa Isaka.

Alisoma akasimama. Akarudi nyuma akasoma tena, akadhani kidole kimemdanganya. Watu wanafukia visima vya baba yake Isaka. Watumishi wake wanachimba kisima, wachungaji wa pale wanakuja: maji ni yetu. Isaka anakiita Eseki, yaani ugomvi, anaondoka. Wanachimba kingine, nacho wanakigombania. Anakiita Sitna, yaani uadui, anaondoka. Wanachimba cha tatu, hakuna aliyekuja, akakiita Rehobothi: sasa tumepata nafasi. Na usiku ule Mungu anamwambia asiogope, yuko pamoja naye.

Rahabu akaifunga Biblia. Kwa miezi alikuwa akiomba Mungu amvunje Fanueli mguu wa pili. Alimtaka awe hakimu. Na huyu Isaka, tajiri, mwenye watumishi, angeweza kupiga mtu, akahesabu gharama ya ugomvi akaona kisima kingine ni rahisi. Wala Mungu hakumwita mwoga. Alimfuata kule kule alikohamia.

"Visima vitatu," akamwambia binti yake Yudith aliyekuwa akimenya viazi. "Mimi sina nguvu za vitatu. Nitaruka cha pili."

Usiku ule alilala. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Chini ya kijiji, lakini juu ya mashamba ya mteremkoni, palikuwa na kinamasi cha ukoo, matete matupu, baridi, na chemchemi ndogo pembeni. Watu walibatizwa tangu babu zao, lakini pale hawakutia jembe. Walisema ni mahali pa wahenga, na anayelima hapo atazaa vyura. Siku ya mkutano Rahabu akasimama mbele ya mwenyekiti Suleimani.

"Ndugu Mwenyekiti, nimechoka kugombana. Mbuzi nitalipa. Na shamba la mteremkoni nawaachia ukoo."

Watu wakanong'ona. Fanueli akashindwa kuficha meno.

"Ila watoto wa Tobia wasikose pa kukaa. Nipeni kile kinamasi, kiwe changu na wao, asitudai mtu."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mpaka kanisani. Suleimani akainua mkono. "Fanueli, unakubali?"

"Nakubali mara mbili! Chukua, shemeji. Chukua na vyura wake."

"Maneno yana miguu," Rahabu akasema. "Panda masale."

Masale, ile mimea ya mpakani, ndiyo hati ya milimani. Mkishakubaliana mpaka, mnapanda masale pamoja mbele ya watu, na aliyeyapanda hayang'oi, wala mwanawe hayang'oi. Siku ile wazee wakanywa dengelua ya faini wakashuka wote. Fanueli, akiwa amechangamka na watu wakimshangilia, akapanda kwa mkono wake mwenyewe, akizidi kuyasogeza nje ili achekeshe watu. "Mpe na haya matope! Mpe na hiki kichuguu!" Akafika kwenye chemchemi, akaizungushia nayo. "Mpe na kisima cha kuoshea vyura!"

Rahabu alimwacha apande. Katika biashara, mtu akishaanza kukuongezea mwenyewe, huna haja ya kufungua mdomo.

Akaitisha msaada wa jirani kulima, hakuja hata mmoja. Akachimba yeye na wanawe, mitaro ya kutoa maji, matete yakikatwa na kuchomwa, miguu ikivimba kwa baridi. Waliopita juu waliwarushia mlio wa chura. Yudith akitaka kujibu, mama yake anamwambia, "Chimba. Isaka hakujibu."

Udongo ulipotoka maji ulikuwa mweusi kama masizi. Kabichi ya kwanza ilimshinda Yudith kubeba.

Mvua za mwaka uliofuata zikakosea njia. Mfereji ukapungua, ukawa uzi, ukakata. Mteremko wote ukawa wa kahawia, na shamba lile la Fanueli la kunyang'anya likawa la kwanza kukauka. Kinamasi hakikujua kama kuna ukame. Na mwenyekiti alikuwa akipita shamba kwa shamba akitazama lililokauka.

Fanueli akaja na wazee wawili. Safari hii alisimama nje mpaka aliposemeshwa.

"Mmekuja kwangu mnataka nini?" Rahabu akauliza. "Mimi si ndiye mliyesema nirudi Bumbuli?"

"Shemeji, maji ni ya Mungu."

"Ya Mungu, ndiyo. Masale ni yako."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Fanueli akatazama chini. Rahabu angeweza kumwacha hapo akauke. Kwa mwaka mzima alikuwa akiiota siku hii, ameiandalia hata maneno. Lakini alikwisha kusoma jinsi sura ile inavyoisha: waliomfukuza Isaka walikuja baadaye kutafuta amani, naye akawauliza kwa ukali, kisha akawapikia.

"Kaeni," akasema. "Yudith, songa bada."

Wakala bada, ule ugali wa muhogo, na kabichi. Ndipo Rahabu akataja masharti, maana kupika si kusamehe bure. Maji yatashuka kwao yeye akishamwagilia. Mfereji huo watauchimba wao. Habari ya kumrithi isitajwe tena. Na Fanueli akipita, asalimie kama mtu.

"Ni mengi," Fanueli akanung'unika.

"Basi yabebe na vyura wake."

Akakubali. Hakumpenda, wala Rahabu hakumpenda. Walipoagana hata mikono hawakupeana. Lakini kesho yake asubuhi sauti ilisikika kutoka juu ya njia, nzito kama inatolewa kwa koleo: "Hujambo, shemeji."

"Sijambo."

Kwa mwaka mzima Rahabu alikuwa hajavuka sura ile. Kila akiketi aliirudia, akisema hawezi kufungua duka jipya kabla hajafunga la zamani. Alasiri ile akafungua ukurasa uliofuata, akaweka kidole. Akakuta kijana anajivika ngozi ya mwana-mbuzi kumdanganya baba yake kipofu ampore kaka yake baraka, tena mama ndiye aliyepika.

"Yudith," akaita, "njoo usikie. Kumbe hawa ni watu wa Mlalo."