Upepo Ulio Juu ya Upepo

Asubuhi, Yamilka Rondón ameshika puto la hali ya hewa kwa mikono miwili wakati mgeni anapoingia lango la kituo bila hodi, masizi hadi magotini.

"Wewe ndiye bibi wa maputo?"

"Bibi ni mama yako. Sema, kaka."

Anaitwa Leovigildo, mchoma mkaa wa Caleta Mora, pwani ya kusini mwa Kuba. Simu za kijijini zimekatika na kimbunga kiko baharini. Ndege wa pwani wamepita kuelekea bara, wote kimya.

Leovigildo anaupa upepo mgongo na kunyoosha mkono wa kushoto, kama wafanyavyo kwao kutafuta kimbunga. Mkono unaelekea kusini-magharibi.

"Jana ulielekea kusini. Kimbunga kinakwenda zake."

"Mkono unakuonyesha kilipo," anasema Yamilka. "Kinakokwenda kinapelekwa na upepo wa juu, kama gogo mtoni."

Analiachia puto. Linapanda likisukumwa magharibi pamoja na mawingu. Kisha linasita, linageuka, na kurudi juu ya vichwa vyao, kinyume na mawingu, likielekea kaskazini-mashariki.

Leovigildo anafanya ishara ya msalaba. "Nani analivuta?"

Yamilka anaingia ndani. Anachora mikondo ya upepo kwa vipimo vya puto na vya vituo vingine. Mistari yote inajikunja kuelekea Caleta Mora. Makao makuu, kwenye simu, wamechora mkunjo huohuo; malori ya kuhamisha watu yameshatumwa.

"Nikiwaambia mimi kule kijijini, watasema nimelewa," anasema Leovigildo.

"Kwani hujalewa?"

"Kidogo tu. Njoo mwenyewe, dada."

"Nitakuja zamu ikiisha."

Saa hizo alizitenga kwa kupigilia mabati ya nyumba yake. Kimbunga kilichopita kiliondoka na paa. Alilala chini ya turubai miezi tisa.

"Natamani watu wautazame upepo wa juu kama wanavyousikiliza huu unaowapiga usoni," anasema akivaa koti.

Mchana, kijiji kizima kimesimama ufukweni, mikono ya kushoto imenyooshwa baharini. Yamilka anapita kati yao, akieleza, akiishusha mikono mmoja mmoja.

Lori la mwisho likijaa, ajuza mmoja anamkazia macho.

"Na wewe, binti, paa la kwako umeshalifunga?"

"Bado, mama," anasema Yamilka, akimpa bega apandie. "Shika hapa."