Daftari la Mama Kambale

Kabugho hakuvua kandambili zake. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mwanawe, miguu imegusa sakafu, kifurushi chake mapajani kikiwa bado na mafundo mawili, kama mtu anayesubiri gari lisilosimama sana. Mlango wa wodi ulipolia aligeuka. Hakumtazama usoni anayeingia. Alitazama mikono yake, kuona kama ameshika karatasi.

Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nikimuuguza mtoto wa dada yangu aliyekuwa na kichomi. Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka 2014, mvua ikishuka kutoka milimani kila alasiri, katika kituo cha afya cha serikali si mbali na Bwera, upande wa Uganda wa mpaka. Kabugho alikuwa ametoka ng'ambo, Kongo, upande wa Kasindi. Alivuka siku ya soko, katikati ya wanawake waliobeba mihogo, naye akabeba mtoto: Kambale, miaka miwili, malaria imempanda kichwani, macho yamegeuka juu.

Sista Evas, nesi wa zamu, alimpokea mbio. Alimchoma sindano ya mkononi na kumtundikia dripu kubwa ya kwinini, kisha ndipo akauliza jina. Fomu za wagonjwa zilikuwa zimekwisha siku nyingi, kwa hiyo kila mzazi aliambiwa anunue daftari dukani pale getini, na humo ndimo nesi aliandika yote: dawa, kipimo, saa. Lilikuwa daftari la shule kama yale ninayosahihisha kazini, lenye majedwali ya kuzidisha nyuma ya jalada.

Kabugho hakujua kusoma, lakini namba alizijua. Aliuza mihogo, namba hazikumpita. Kila Evas alipoondoka alifungua lile daftari na kupitisha kidole chini ya 240, chini ya 8, chini ya 10, midomo ikijumlisha. Kisha aligeuza jalada na kuyatazama majedwali kwa muda mrefu.

"Unatafuta nini humo, Mama Kambale?" aliuliza Proscovia.

Proscovia, aliyekuwa akimuuguza mwanawe, alikuwa mke wa mwanajeshi, mtu wa mashariki asiyejua Lhukonzo, lugha ya huku mpakani. Kwa ajili yake wodi nzima ilizungumza Kiswahili, kila mtu na chake; cha Kabugho, cha Kongo, kilisema ba badala ya wa.

"Natafuta imefika wapi."

"Nini imefika wapi?"

"Faktire."

Ndilo neno lao la hesabu ya hospitali. Proscovia alipiga makofi kwa kicheko. "Hapa hakuna hiyo! Hapa ni bure, mama. Ni ya serikali."

"Bure ya namna gani?"

"Bure ya bure!"

"Kwetu kitu ya bure ni kitu ya kutupa," Kabugho alisema.

"Hata hapa," alidakia Yunia kutoka pembeni. Yeye alikuwa mkulima wa Karambi anayemuuguza mjukuu, na sote tulimwita Mukaka, yaani bibi. "Shuka umekuja nayo. Sahani umekuja nayo. Juzi hata glovu za nesi nimenunua mimi. Bure yenyewe ni ukuta na Sista Evas."

"Mukaka, usimtishe mwenzio," Proscovia alisema. "Njoo kambini kwetu uone. Afande daktari haulizi pesa. Anauliza, namba ya bwana yako ngapi? Ukisahau namba, rudi na homa yako. Mimi naomba Mungu bwana asiniache, na si kwa mapenzi. Kwa sababu ya dripu!"

Tulicheka. Yunia akaleta habari za mwanawe Aloysius, fundi wa ujenzi aliyekwenda Rwanda. Kule, alisema, watu wana kadi. Wanalipa kidogo kila mwaka, mgonjwa na mzima. "Aloysius amelipa miaka mitatu, hata mafua hayajamshika. Amenuna! Anasema anataka kuugua kidogo tu, ale pesa yake."

Kabugho hakucheka. Alinigeukia mimi. "Na wewe, Mwalimu? Kwenu Kasese?"

Nikamweleza. Tulianza na kliniki ya kulipia pale mjini, yenye viti laini na televisheni, na kidirisha ambamo unatanguliza pesa kabla mtoto hajapimwa joto. Walimtibu vizuri, siwezi kusema uongo. Siku ya tatu pesa zetu zikaisha, wakatuambia kwa adabu sana kwamba kitanda kinahitajika.

"Bakakuacha utoke?"

"Walitutoa."

"Basi beko bazuri," alisema. "Kwetu habakuache utoke."

Ndipo akatueleza yake, akiwa bado ameshika kifurushi. Miaka mitatu nyuma alijifungua kwa kisu katika hospitali moja ng'ambo. Mtoto wa kike, mzima, aliyemtangulia Kambale. Jeraha likapona, akafunga vitu vyake, akaenda getini. Mlinzi akamwomba karatasi ya kutokea. Hakuwa nayo, kwa sababu karatasi hiyo hutolewa na mhasibu, na mhasibu huitoa kwa aliyemaliza kulipa. Akarudishwa, si wodini, bali kwenye chumba nyuma ya mahali pa kufulia, ambako walikuwamo wanawake wengine wanane. Alikaa humo wiki kumi na moja. Kila asubuhi mhasibu alikuja na daftari, akasoma majina.

"Na kila siku ya kunifunga," alisema, "baliniandikia kitanda. Hakukuwa kitanda. Nililala chini na mutoto. Lakini baliandika."

Mwishowe mama yake aliuza shamba la kahawa, akaja kumchukua. Tangu siku hiyo mama analima vibarua kwenye mashamba ya watu, na shamba lililokuwa lake anapita kando yake kila asubuhi akienda kazini.

"Sasa hakuna shamba ingine," Kabugho alisema. "Bakinifunga sasa, hakuna wa kuja."

Proscovia alimwekea uji kwenye kikombe. Mimi nilimwambia tena kwamba hapa hawafungi mtu, na nilipokuwa nikisema hivyo niliisikia sauti yangu ikawa ile ninayowatolea wanafunzi, ya mtu anayejua jibu na hajui swali.

Siku ya pili, asubuhi, Evas aliandika mistari mingine miwili kisha akaaga. Alikuwa anakwenda Fort Portal kumzika shangazi yake. Alipotoka nilimwona Kabugho akichana kurasa kutoka ndani ya daftari. Alizichana polepole, akizuia sauti kwa kiganja, akazikunja na kuzisokomeza ndani ya kitambaa cha kichwa. Nilimwona vizuri kabisa. Nilidhani anataka karatasi ya kufungia chumvi. Au sikudhani chochote, nilikuwa nimechoka, na kuuliza kungeleta mazungumzo. Nilichukua birika langu nikaenda jikoni nyuma ya wodi, ambako Proscovia na Mukaka walikuwa wakipika.

Niliporudi na chai, Sista Tumukunde, nesi aliyeingia zamu, alikuwa kitandani kwa Kambale. Alikuwa msichana mgeni, aliyeletwa kutoka kituo kingine asubuhi ile ile. Kwenye daftari alikuta jalada lenye jina, kijiji na uzito, na ndani weupe mtupu. Sindano iliyokuwa mkononi mwa mtoto alidhani imewekwa muda si mrefu, pale mapokezi.

"Mama, mtoto ameshapewa kwinini?"

Kabugho alitazama daftari, kisha mlango.

"Hapana," alisema.

"Hata dripu moja?"

"Hapana, Sista. Hajapewa kitu."

Ningesema. Leo naandika kwamba ningesema. Nilisimama na birika la moto mkononi, nikihesabu siku kama mjinga: jana dripu, jana jioni dripu, leo alfajiri dripu. Nilijiuliza kama labda nesi anajua kitu nisichokijua mimi. Tumesomeshwa kutomkatiza mwenye koti jeupe.

Tumukunde alivunja chupa ndogo, akavuta dawa, akaidunga ndani ya mfuko wa maji, akautundika. Alikuwa nesi mzuri, wa kueleza anachofanya, kwa Kiswahili chake cha darasani.

"Hii ya kwanza ni kubwa," alisema huku akifungua mrija. "Ndiyo inayomshika mdudu. Tunaipiga mara moja tu. Zinazofuata ni ndogo, kwa sababu ikirudiwa hii kubwa, moyo wa mtoto unaweza kusimama."

Tone la kwanza lilianguka ndani ya kikopo cha plastiki cha mrija. Nililiona. La pili.

Kabugho alisimama, kifurushi kikaanguka. Aliushika mrija kwa mikono miwili, akaukunja na kuubana.

"Acha!"

"Mama, unafanya nini? Achia!"

"Ile kubwa alikunywa jana! Jana asubuhi! Na ndogo jana jioni, na ndogo leo!"

"Si umesema hajapewa kitu?"

"Nilidanganya." Hakuachia mrija. Alizungusha kigurudumu cha kufungia mrija, asichokijua, akakosea, akabana tena kwa meno. Kisha kwa mkono mmoja akavua kitambaa cha kichwa, kurasa mbili zikaanguka juu ya shuka, zimekunjamana, zimelowa jasho.

Tumukunde alifunga mrija mwenyewe, akauchomoa kwenye mkono wa mtoto, ndipo akaokota kurasa. Alisoma amesimama. Aliweka kiganja kifuani kwa Kambale, akaweka kipimo masikioni, akasikiliza kwa muda ambao sitaki kuurudia tena maishani. Kabugho hakumtazama mtoto. Alimtazama nesi mikononi.

"Moyo unakwenda," Tumukunde alisema. "Haikumfikia. Ilikuwa bado kwenye mrija."

Kisha akakaa kitandani, karibu na miguu ya mtoto.

"Andika yote," Kabugho alimwambia. "Unganisha hizo karatasi. Andika na hii ya leo, hata kama hakuinywa. Halafu muniweke mimi. Mutoto mumupe Mwalimu, amupeleke kwa mama yangu."

"Nikuweke wapi?"

"Pale munaweka batu."

Tumukunde alinitazama anisaidie. Nilimweleza kwa Kiingereza, kwa maneno machache, chumba cha nyuma ya mahali pa kufulia. Alisikiliza, akaenda mezani, akarudi na plasta ya kubandika. Alibandika kurasa mahali pake moja moja, akavuta mstari, akaandika chini yake kipimo kidogo cha saa nane mchana. Kabugho alifuata kalamu kwa macho mpaka nukta ya mwisho. Siamini kwamba aliamini lolote. Alikaa tu, kama mtu aliyekwisha kusaini.

Siku ya nne Kambale aliomba ndizi. Siku ya sita waliruhusiwa, asubuhi, na sisi pia. Dawa ya kumalizia nyumbani haikuwapo kwenye dirisha la dawa, na Proscovia alimpa vidonge vilivyobaki vya mwanawe, akisema kambini namba ya bwana yake ingali inafanya kazi, atapewa vingine.

Tulitembea pamoja hadi getini. Kabugho alikuwa amelifungua daftari kwenye kurasa zenye plasta na alilishika mbele yake kwa mikono miwili. Mlinzi, mzee Ezironi, alikuwa akila gonja, ndizi ya kuchoma.

"Karatasi iko hapa," Kabugho alimwambia.

Ezironi alilitazama daftari, akaendelea kutafuna. "Mama, mimi sikusoma. Pita. Unaziba njia ya bodaboda."

Hakusogea. Nyuma yetu pikipiki ilipiga honi. Nikamshika kiwiko. Tukavuka pamoja. Nje ya geti aligeuka akasimama kwenye vumbi, ametazama ndani.

"Mwalimu, habaniite?"

"Hawakuiti."

"Na kesho?"

Nilifikiria dirisha la dawa lisilo na dawa, vidonge vya Proscovia, ile kliniki ya Kasese na adabu yake. Nilitaka kumwambia asitupe daftari, kwamba mtoto akiugua tena arudi nalo, upesi, na asichane kitu. Nilisema hayo tu.

Akalikunja daftari, akalisokomeza kwenye kitambaa cha kichwa, akaifunga upya mbeleko. Alianza kushuka kuelekea mpakani, hatua za kawaida, mgongo umenyooka, kama anayejua kwamba anatazamwa. Alipofika kwenye kona ya miti ya kahawa, ambako alidhani hatumwoni tena, alivua kandambili, akazishika mkononi, akakimbia.