Seva Iliyogawanywa Kama Shamba

Mpaka leo nikikumbuka ule mkutano wa kugawana seva, damu hunichemka. Watu wazima, wenye shahada zao, waliketi ukumbini na chai ya maziwa mbele yao wakaigawana kompyuta moja vile wazazi wetu walivyogawana mashamba ya walowezi. Kila mtu kipande chake, vyote sawa, pasiwe na wa kulalamika. Walipomaliza wakapiga makofi.

Wakati huo nilikuwa nasimamia kompyuta za chuo kidogo cha uuguzi na kilimo hapa Nakuru, upande wa Free Area. Seva, yaani ile kompyuta kubwa inayohudumia nyingine zote, tulikuwa nayo moja tu. Siku hizi seva moja hugawanywa kwa ndani ikawa mashine kadhaa, na kila moja hufanya kazi kana kwamba iko peke yake, ikiwa na sehemu yake ya kumbukumbu, yaani nafasi ya kufanyia kazi. Tunaziita mashine pepe, kwa kuwa huwezi kuzishika kwa mkono.

Mojawapo ilikuwa mboni ya jicho langu. Niliiweka mlangoni pa tovuti yetu ya masomo, na kazi yake ilikuwa kutunza nakala. Mwanafunzi wa kwanza akifungua somo, inaweka nakala ya ukurasa na picha zake. Wa pili akija anapewa ileile papo hapo, na mashine ya masomo iliyo nyuma haisumbuliwi. Ikipewa kumbukumbu ya kutosha, darasa zima linasoma bila shida. Ikinyimwa, inatupa nakala hii ili ipate nafasi ya ile, kila ombi linakimbilia nyuma, na wote wanakwama pamoja kwa sababu wote wanapita mlango huo mmoja.

Niliyaeleza haya yote mkutanoni, tena polepole. Mkuu wa idara ya kilimo, mzee mpole ambaye salamu zake pekee zingeweza kumaliza kikombe cha chai, aliniuliza hiyo mashine ninayoiombea kumbukumbu nyingi ni ya idara gani. Nikamwambia ni ya wote. Akanitazama kwa huruma, akawaambia wenzake kwamba basi haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe haiwezi kupewa zaidi ya zenye wenyewe. Wakakubaliana. Kila idara ikapata mashine pepe yake, hata ofisi ya michezo ambayo mali yake yote ilikuwa mipira na wavu uliotoboka. Yangu ikapewa kipande sawa na cha ofisi ya michezo.

Niliujua upumbavu huo tangu utotoni, ndiyo maana uliniuma hivyo. Nimezaliwa kwenye shamba ambalo wazazi wetu walilinunua kwa hisa, kule juu milimani, na mlowezi alikuwa ameacha pampu iliyovuta maji kutoka mtoni mpaka kwenye tangi kubwa. Wenye hisa walipogawana ardhi waligawana na pampu. Huyu akachukua injini, yule mabomba, mwingine akaondoka na mabati ya tangi akaezekea zizi. Kila mtu akaenda nyumbani na haki yake, na sisi watoto wa kike tukaenda mtoni na mitungi. Mama yangu alibeba maji mgongoni mpaka mgongo ukapinda, na injini ile ilikuwa bomani kwa jirani, kuku wakitaga juu yake.

Nilifanya nililoweza kwa kile kipande. Nilipunguza kiasi cha nakala zinazowekwa kwenye kumbukumbu ili mashine isijinyonge yenyewe. Nikaizuia isitunze mafaili makubwa ya video, nikahamishia diski yake mahali pasipo na msongamano. Ilipata nafuu. Wanafunzi wachache waliweza kusoma, lakini wakija wengi kwa pamoja ilikuwa kilio.

Siku ya mtihani wa wauguzi walikuja wote kwa pamoja. Mtihani ulikuwa kwenye tovuti, wenye picha za vidonda na mifupa, na kila mmoja alikuwa mbele ya skrini katika chumba cha kompyuta. Picha zikaanza kugoma. Nilipita katikati ya viti nikiona ukurasa mweupe baada ya ukurasa mweupe.

Kwenye kiti cha nyuma alikuwepo mama mmoja wa makamo ambaye hukata maua katika mashamba ya Naivasha. Alisoma kwa miaka kwa kuvizia siku zake za mapumziko, na hakuwa na kompyuta wala simu ya maana. Vyote alivyojua kuhusu uuguzi alivisomea kwenye chumba kile. Aliketi mikono mapajani, akiutazama ule weupe kana kwamba ni yeye aliyekosa adabu. Saa ikaisha. Majibu yake hayakufika hata nusu.

Ungedhani wakubwa wangeona aibu. Walikaa tena, wakanywa chai tena, wakakata shauri kwamba wanafunzi ndio waliomaliza mtandao kwa kuangalia video kwenye simu. Nilipopinga, niliambiwa nisitetee uvivu. Waliokwama wangerudia mtihani mara moja tu, na atakayekwama tena ahesabiwe ameanguka na aondoke chuoni.

Yule mama nilimkuta langoni akingoja kujua walichoamua. Nilipomweleza, aliuliza jambo moja, kama mashine itakuwa ni ileile. Sikuweza kumdanganya.

Nikaanza kuzunguka ofisini. Nilikuwa nimechungulia zile mashine pepe za idara nikakuta nyingi hazijawahi kuguswa tangu zigawanywe. Zilikuwa zimewashwa, zimekalia kumbukumbu, hazina hata faili moja. Nilimwomba mkuu wa kilimo aniachie yake kwa siku ya mtihani tu, nitairudisha. Alinikaribisha kiti, akauliza habari za nyumbani, za wazazi, za mvua, ndipo akanijibu.

"Madam, hiyo ni yetu. Tulipewa kwa mitingi, kila mtu akiona. Kama hatujaitumia, bado ni yetu."

Nikamwambia kuna mtu atafukuzwa chuoni kwa ajili ya kumbukumbu isiyofanya kazi yoyote. Akasema pole, kwa sauti ya mtu anayesikitika kweli, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Wengine walinijibu vivyo hivyo. Wa michezo alitaka kujua kwanza kama kilimo wametoa yao.

Mwisho nikaenda kwa mkuu wa chuo. Nikamwambia nitazizima zote zisizotumika niipe mashine ya nakala pale mlangoni kumbukumbu hiyo. Aliinuka akafunga mlango wa ofisi.

"Fanya," alisema. "Lakini mimi sijasema."

Basi nikafanya, mchana kweupe, mlango wa chumba cha seva ukiwa wazi. Nilizima ya kilimo, nikazima ya michezo, nikazima zilizobaki zilizolala. Kumbukumbu yote nikaipa mashine ya nakala, ila sehemu ndogo niliyoiachia seva yenyewe ipumulie. Nikaupitisha mtihani wote mapema ili kila picha iwe tayari mlangoni kabla ya mwanafunzi kufika. Kisha nikawasha kompyuta zote za chumba, nikafungua karatasi ya mazoezi kwenye kila moja. Picha zilijaa skrini kabla sijavuta kiti. Nilitaka kufurahi, nikajikuta natukana kimoyomoyo.

Siku ya kurudia, mkuu wa kilimo ndiye aliyesimamia chumba. Alitembea mikono nyuma, akiridhika, na alinisogelea akaninong'onezea kwamba unaona, wakiacha video mtandao unatosha. Mtihani ulikuwa unaendelea, nikaenda kukagua skrini za nyuma. Zile mashine sikuziwasha tena, muhula baada ya muhula, na hakuna idara hata moja iliyowahi kuja kuuliza yake ilienda wapi.

Yule mama alimaliza kabla ya muda. Aliwasilisha majibu, akasoma ule ujumbe wa kupokelewa mara mbili, midomo ikicheza. Nilimsindikiza mpaka mlangoni nikidhani atacheka, au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aligeuka akakitazama chumba, kompyuta zilezile, viti vilevile.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," aliniambia.

Nikamjibu ndiyo, mama, tangu siku ya kwanza.