Aliye Katikati ya Mstari

"Msibanane, mnamkanyaga mwenzenu!" aligomba bi mwalimu wa tuisheni hapo Wawi. Saada akasogea, ilhali ubavuni mwake hapana mtu. Kesho ni mtihani wa takwimu. Bi mwalimu, ulimi upupu, vidole vyeupe kwa chaki, huwapanga wanafunzi kwa vimo, mfupi hadi mrefu, kisha huuliza nani mediani, yule wa kati. Na katikati huacha pengo la mwanafunzi wake aliyefariki kabla ya kumjibu swali hilo. Hapo sauti humlainika: "Mwanangu, jibu langu bado nakudai."

Leo Saada alihisi baridi begani, na mstari mzima ukasikia kijisauti: "Mediani ni mimi, mwalimu." Hakikutoka kwa yeyote aliyesimama pale. Chaki ikamponyoka bi mwalimu.

"Haya, deni limekwisha," akasema. "Saada, sogea sasa. Ziba pengo."