Jalada la Bwana Mkubwa

Mchana ule, katika ofisi moja ya Arua, mvua ilinyesha taratibu hata sisi wa benchini tukawa kama tunaota. Nilikuja kuulizia kiwanja changu cha Koboko. Mlango wa masjala ulikuwa wazi, na masikio yangu, mnayajua, hayana mlango.

Bwana mkubwa, mwanajeshi aliyeletwa juzijuzi kuongoza ofisi, alisukuma majalada kwa kifimbo. "Karani, karatasi ya zamani iko na kazi gani? Choma yote. Mimi nataka weka viti ya wageni hapa."

Nikainuka benchini: karatasi za kiwanja changu zilikuwa humo.

Karani, mzee wa Kinubi, akapangusa vumbi kwa ncha ya kanzu kama anayebembeleza mtoto. "Sawa, afande. Lakini jalada yako pia iko humu. Siku ya kustaafu, nani atajua ulianza kazi lini?"

Kifimbo kikasimama hewani. "Toa yangu kwanza."

"Nitatafuta, afande."

Wakubwa ndivyo walivyo, jamani: karatasi huwa takataka mpaka iwe yao. Juzi nilipita tena. Viti havijaja. Karani bado anatafuta, polepole, kama mtu anayetembea usingizini, nami pale benchini nikamwombea asilipate jalada lile.