Vipimo vya Kiuno cha Kijiti

Kiwanda chetu kinaoka biskuti, na mimi ndiye fundi wa kushona sare. Chumba changu kiko nyuma ya stoo, kina cherehani moja na dirisha linalotazama meza za kufungashia. Mwanamke akiajiriwa, nampima. Kisha kila mwisho wa mwezi, kwa miezi sita ya majaribio, nampima tena kiuno. Hiyo ilikuwa amri ya msimamizi, tuliyembatiza Bi Kanuni. Mimi nasoma namba kwenye futi, yeye anaandika daftarini na kutia sahihi. Kiuno kikiongezeka, mwenye kiuno anaambiwa kazi haimfai.

Mimi nilianza kazi nikiwa na miaka thelathini na sita, nimetoka kuolewa. Bi Kanuni akaniita pembeni kama dada. "Mdogo wangu, watoto wapo tu. Subiri uthibitishwe kwanza." Nikasubiri. Miezi sita ikaisha, akasema majaribio yameongezwa. Sikusoma, nikaamini. Akayaongeza mara nne. Nilipopata barua nilikuwa nakaribia arobaini, na mtoto niliyemtafuta sikumpata. Mume wangu alimpata kwingine. Baadaye karani alinisomea faili langu: majaribio hayakuwahi kuongezwa hata siku moja. Bi Kanuni hakutaka tu cherehani inyamaze.

Toka hapo nilicheka naye meno nje, roho ikisaga.

Ndipo akaja Kijiti, mwembamba mpaka sare ndogo kabisa inamvuka mabega. Wiki ya tatu akaingia chumbani kwangu akafunga mlango.

"Mama fundi, nikikwambia utanisema?"

"Sema, mwanangu."

"Tunatafuta mtoto. Nina thelathini na saba. Na kazi hii nimeihangaikia miaka miwili, nikiipoteza hatuna pa kushika. Sasa nikingoja miezi sita..."

"Usingoje hata siku moja. Nenda nyumbani ukatafute. Kiuno niachie mimi."

Akaziba mdomo kwa kicheko. "Mama fundi! Nikikuachia kiuno, nitatafuta na nini?"

Sitajipamba: sikumsaidia kwa huruma. Nilimwona ni wembe, na kichwa cha kunyoa nilikijua.

Mwezi wa pili akashika mimba. Nikamshonea sare yenye marinda chini ya kifua, na ili asionekane peke yake, nikawashonea hivyo wanawake wote. Bi Kanuni akauliza. Nikamjibu, "Kitambaa hiki kikifuliwa kinasinyaa, lazima nikiachie nafasi."

Mwisho wa mwezi wa tano futi ilisema sentimita themanini na tatu; alipoajiriwa ilisema sabini na moja.

"Sabini na mbili," nikasoma. "Chai ya kiwanda imeanza kumkubali."

Bi Kanuni akacheka, akaandika. Kijiti alikuwa amebana pumzi mpaka masikio yamemwiva.

Mwezi wa sita tukafanya vilevile. Barua ya kuthibitishwa ilitoka Ijumaa. Jumatatu Kijiti aliingia kwa meneja amevaa gauni la kubana, kadi ya kliniki mkononi, akaomba likizo ya uzazi. Meneja akaitisha daftari. Akafungua kurasa, akaona sahihi moja chini ya kila namba.

"Hata kiuno kimoja kimekushinda kusimamia?" akamwambia Bi Kanuni mbele yetu.

Mimi pia niliitwa. Nikasema sikusoma, namba hunichanganya. Meneja akaamini papo hapo. Watu wa namna yake hawachelewi kuamini kuwa mjinga ni mjinga. Bi Kanuni akavuliwa usimamizi, akapewa meza ya kufungashia ya Kijiti.

Alinifuata chumbani. "Umenimaliza! Miaka ishirini na miwili nimejenga jina hapa!"

"Mimi nina hamsini na mmoja. Sina wa kuniita mama."

"Nilikutakia mema, mdogo wangu."

"Faili nilisomewa, dada."

Nilitamani aombe msamaha, nipate raha ya kumnyima. Hakuomba, akatoka.

Kijiti amejifungua msichana. Ametuma salamu kwamba mtoto ananyonya kama mwizi. Nilifurahi, kidogo. Furaha yangu kubwa iko dirishani. Kila siku saa nne nasogeza kiti, nakunywa chai, namtazama Bi Kanuni akifungasha biskuti, mgongo umempinda, vidole vimekatwakatwa na makaratasi. Jana aliinua macho.

"Huna kazi ya kufanya? Unanitazama nini?"

Nikapuliza chai yangu taratibu. "Fungasha, dada. Masanduku yanakungoja."